Kwa Baba Neema, Aliyerudishwa Uwanjani

Baba Neema wangu,

Huku Ifakara bado wanabishana juu ya kichwa chako. Huu ni mwaka wa pili tangu mama yako akuchukue kwenda naye Masagati, na bado haipiti wiki barazani kwa Mzee Sefu bila mtu kuanzisha: ingekuwaje kama Festo angetolewa? Mimi niko palepale na cherehani yangu, kati ya mlango wa duka na magunia ya chumvi, nashona huku nawasikia. Wengine wakiniona wanashusha sauti. Wengine wameshazoea, wanaendelea tu, kana kwamba Festo ni mchezaji wa kwenye televisheni na mimi si mkewe.

Nakuandikia kwa sababu mwezi huu yametokea mambo na sitaki uyasikie kwa mwingine. Mama atakusomea kidogo kidogo. Ukichoka, mwambie aache, mtaendelea kesho. Halafu yapo ya zamani ambayo mama ameniambia kwenye simu kwamba huyakumbuki. Nitakukumbusha. Ni mali yako, hata kama yamekutoka.

Ulikuwa unafanya kazi mashineni, unakoboa mpunga. Siku ya kwanza niliyoleta magunia ya baba yangu kutoka Katindiuka ulikuwa mweupe kwa vumbi la pumba, nywele mpaka kope, nami nikadhani ni mzee mwenye mvi. Nikakuamkia, "Shikamoo." Ukaitikia, "Marahaba, binti yangu, hujambo?" bila hata kucheka. Ndipo ukainama kwenye ndoo, ukanawa uso, ukanigeukia. Wenzako waliangua kicheko mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nilikasirika wiki nzima. Mavuno yaliyofuata nilileta magunia mwenyewe, bila kutumwa.

Na Jumapili baada ya misa ulikuwa mtu wa mpira. Beki wa kati wa timu yetu ya Mashineni. Mimi mpira sikuujua, nilikuja kukutazama wewe, na nilichokipenda ni ulivyoruka. Ulianza kuruka kabla ya wenzako, ukakaa huko juu kidogo, mpira ukakukuta umeshafika unausubiri. Mzee Sefu alikuwa akiwaambia wageni, "Hawa wamwage krosi watakavyo, sisi tumeezeka bati." Ukimkumbuka Mzee Sefu utakumbuka sauti yake. Mfanyabiashara, babu zake walitoka Kilwa, mtu wa swala tano na mpira wa Jumapili, mwenye koo la kufika ng'ambo ya mto.

Nusu fainali ya ligi ya tarafa ndipo yalipoanzia haya. Kipa wa wale wenzetu alitoka golini kuupiga mpira ngumi, akaukosa, ngumi ikakupata wewe nyuma ya sikio. Ulianguka bila kujikinga kwa mikono. Tulikuwa tunaongoza kwa bao moja, nafasi za kubadilisha wachezaji zilikuwa zimekwisha, na wao walikuwa wanapata kona baada ya kona. Kijana wa huduma ya kwanza akaja mbio na chupa ya maji, akakumwagia utosini. Kocha Bosco akapiga magoti, akakuinulia vidole mbele ya macho.

"Vingapi?"

"Viwili."

Watu wakashangilia. Ukainuka, ukarudi kwenye nafasi yako, ukacheza mpaka filimbi ya mwisho.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nikakuuliza, "Hivi vile vidole uliviona kweli?"

Ukanijibu, "Nilimsikia mtu kwenye kamba ya uwanja anasema viwili."

Tulipofika ulitapika nyuma ya jiko. Ukaniuliza matokeo, nikakuambia. Nikiwa napakua wali ukaniuliza tena. Neema alidhani unatania, akawa anakujibu kwa kuimba.

Daktari aliyekupima alikuwa dada mdogo kuliko mimi, anaongea taratibu. Alisema ni mtikisiko wa ubongo. Alisema, "Kaka, ungevunjika mguu kila mtu angeuona ukining'inia na hakuna ambaye angekuambia ucheze. Hili jeraha lako halionekani, ndiyo ubaya wake. Pumzika, na mpira hapana mpaka nikuone tena. Kichwa kikipigwa tena kabla hakijapona, sikuahidi kitu." Wewe ulitikisa kichwa kukubali, ukafumba macho kwa maumivu ya kule kukitikisa.

Basi wakaja nyumbani kukuona. Kocha Bosco, Mzee Sefu na wapenzi wengine wa timu, wamebeba sukari na sabuni kama watu wanaokwenda kwa mgonjwa. Niliwaamkia, nikawapa viti, nikaenda kuchemsha chai. Kabla maji hayajachemka walishaacha kuuliza habari ya ugonjwa. Kocha Bosco alikuwa amechutama, anachora uwanja kwenye mchanga kwa kijiti.

"Hatumchezeshi beki," akasema. "Namweka huku mbele ya mabeki, namba sita. Kazi yake kuwapanga wadogo na kupiga pasi za chini. Haruki. Mpira wowote wa juu haumhusu."

"Na ukimfuata?" nikauliza kutoka jikoni.

"Atainama."

Wakacheka, na wewe ukacheka, umeweka kiganja juu ya macho kwa sababu ya jua.

Mmoja wao akasema kule Ulaya aliyeumia kichwa anatolewa, timu inapewa mtu wa ziada, haipungukiwi. "Sisi sheria hiyo hatuna," akasema. "Ndiyo maana inabidi tutumie akili."

Mzee Sefu akanigeukia. "Mwanangu, wale wa Mang'ula tunaokutana nao fainali wana yule mshambuliaji mrefu. Wakimwona Festo yumo uwanjani tu, watasita kumwaga krosi. Mfano wa sanamu unayosimamisha shambani kuamia ndege. Haifanyi kitu, lakini ndege hawatui."

Nikamwambia, "Mzee wangu, sanamu haina ubongo wa kutikisika. Huyu anao."

Kocha Bosco akafuta uwanja wake kwa kiganja. Nilidhani yameisha. Ndipo wewe ukasema, "Anastazia, niache niwape kipindi kimoja."

Ulivyoniita kwa jina langu badala ya Mama Neema nilijua umeshaamua, na kwamba uliamua kabla hata hawajapiga hodi.

Asubuhi ya fainali ulipoinama kufunga kamba za viatu ulishika ukuta. Nilikuambia mtu asiyeweza kuinama afunge kamba hawezi kucheza mpira. Ukapandisha mguu kwenye kiti, ukazifunga ukiwa wima, ukaniangalia kama mwanafunzi aliyepata hesabu. Sikucheka. Ningejua, ningeviloweka vile viatu kwenye pipa. Lakini ungeazima vya mwingine.

Kipindi cha kwanza mpango wa Kocha Bosco ulikwenda kama alivyouchora. Ulisimama katikati, ulionyesha kwa mkono, ulipiga pasi fupi. Krosi hazikuja nyingi, yule mrefu alikuwa anakutazama wewe kila mara. Tukapata bao. Mapumziko yalipokwisha nilikuona unaingia tena, nikamtazama Kocha Bosco, yeye akatazama pembeni. Kipindi kimoja kikawa viwili.

Mwishoni kabisa wakapata kona. Nilikuwa nimesimama kwenye kamba, Mzee Sefu ubavuni kwangu, kofia ameikunja mkononi. Wewe ulikuwa ukingoni mwa boksi, ulipoambiwa ukae. Mpira ukapaa. Yule kijana aliyechukua nafasi yako nyuma akateleza, na yule mrefu akabaki peke yake. Upande wetu wote ukalipuka, wanaume, wanawake, watoto: "Festo, ruka! Ruka, Festo!" Na sauti iliyozidi zote ilikuwa hii ya hapa sikioni mwangu.

Ukaruka.

Mlio niliousikia pale niliposimama ulikuwa kama wa mchi unapogonga ukingo wa kinu. Mpira ulitoka nje. Refa akapuliza, tukawa mabingwa. Watu waliingia uwanjani wakikimbia kwenda kwa kipa, na baadhi yao, Baba Neema, walikuruka pale ulipolala. Najua hawakufanya kwa ubaya. Hawakukuona. Mimi na yule kijana wa chupa ya maji ndio tuliobaki tumekuinamia, na mguu wako mmoja ulikuwa unacheza wenyewe kwenye majani.

Siku za hospitali sitakueleza, hukuwepo hata kidogo. Nitakueleza ulivyorudi nyumbani, kwa sababu watu hapa wanasema ulipona. Walikuona unatembea, unakula, unawapungia mkono, wakasema Festo amepona. Hawakuwepo siku uliyojaribu kurudi kazini. Uliwasha mashine, ukaizima, ukakaa sakafuni umeziba masikio, na bosi wako akanitumia mtu nije nikuchukue. Hawakuwepo Neema alipokuwa anaimba namba zake za shule na wewe ukarusha kikombe ukutani. Kilipita mbali naye. Lakini tangu siku ile mwanao haimbi akiwa ndani, anatoka nje.

Na hawakuwepo siku ile njiani. Ulitoka asubuhi kwenda shamba, mchana hujafika, nikakutafuta mpaka nikakukuta karibu na stendi, umekaa juu ya jiwe, jembe umeliweka magotini. Uliniangalia kwa adabu sana. Ukasema, "Samahani, dada, hii njia inakwenda Katindiuka?"

Nikakujibu, "Inakwenda, kaka. Twende pamoja, na mimi naelekea huko."

Tukatembea. Ulinihadithia kwamba una mke fundi cherehani na mtoto mmoja wa kike. Ulimsifu mkeo. Tulipofika kwenye jaruba letu la mpunga ukaniita Mama Neema, ukaniuliza kwa nini nalia. Nilikuambia ni vumbi.

Mama alipokuja kukuchukua sikubisha. Alisema Masagati kumetulia, hakuna mashine wala muziki wa maduka. Pale stesheni treni ilipopiga honi ulichutama umeshika kichwa, na mama akakufunika na kanga yake mpaka ikasimama. Hivyo ndivyo ulivyoondoka.

Sasa ya mwezi huu.

Mzee Sefu baada ya fainali ile hakupiga kelele tena uwanjani. Anakuja, anakaa, anaondoka. Basi viongozi wa ligi walipoitisha mkutano wa kupanga msimu mpya, akasimama akasema anataka sheria moja. Mchezaji akigongwa kichwa, atoke, asirudi siku hiyo, na timu yake iruhusiwe kuingiza mtu hata kama nafasi zimekwisha. Nilikuwepo, kwa sababu aliniomba niende.

Walibishana mpaka chai ikapoa. Kocha Bosco ndiye aliyepinga kwanza. Alisema, "Nimeielewa nia ya mzee. Lakini mimi ni kocha, najua wenzangu. Beki wangu akichoka nitamwambia ashike kichwa aanguke, niingize mwenye pumzi. Kila mechi itakuwa na vichwa kumi." Wengine wakasema nani atakayepima, daktari tutamtoa wapi Jumapili. Kijana mmoja akasema asiyetaka kuumia acheze bao. Mzee Sefu akamjibu, "Wadanganye! Wacha wadanganye. Mia wadanganye, mmoja awe kweli. Wallahi, mimi nitaridhika."

Ndipo mwenyekiti akanitazama. "Mama Neema yupo. Pengine ana neno."

Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi ila yote yakapotea. Nikasema, "Mume wangu aliniuliza njia ya shambani kwake. Aliniita dada. Sina zaidi." Nikakaa.

Wakapiga kura. Sheria wakaipitisha, ila wakaongeza maneno: kocha akiona inafaa. Maneno hayo matatu yakairudisha kwa Kocha Bosco na vidole vyake. Mtu mmoja alinishika mkono akanipongeza.

Mechi ya kwanza tu ya msimu, kipa wetu mpya aligongana kichwa na goti la mtu. Akalala. Akaamka, akasimama, akaelekea goli la wapinzani. Watu wengine wakacheka. Kocha Bosco akamgeuza, akamwelekeza lango lake, akampiga mgongoni. Hakuona kama inafaa.

Mzee Sefu akapita chini ya kamba. Alitembea polepole na kanzu yake mpaka katikati ya uwanja, akavua viatu, akakaa chini. Refa akamwomba atoke. Akasema, "Nitatoka na kipa." Viongozi wakaja, akawajibu hilohilo. Wapenzi wetu wakaanza kumzomea, watu aliowauzia chumvi miaka yote, wakimwita mzee aliyechanganyikiwa, aliyehongwa. Mgambo wawili wakamshika makwapa, akalegeza mwili kama mtoto anayesusa. Mwisho yule kipa mwenyewe akatoka kwa hasira, akatupa glovu. Mechi hawakuiendeleza. Ushindi walipewa wageni, kwa sababu mtu wa upande wetu ndiye aliyeivuruga.

Kipa alitapika jioni ile, mama yake akampeleka hospitali, sasa amepumzishwa. Hajaenda kumwona Mzee Sefu. Nasikia anasema alikuwa mzima na mzee amemharibia. Na barazani pamekuwa pakavu. Wanunuzi wanavuka barabara kwenda duka la pili, na wengi wa wale wabishi wamehamia kwa kinyozi. Wanaendelea kubishana hukohuko: kama kipa angebaki, kama pointi zile zingerudi, kama Festo angeinama.

Juzi Mzee Sefu alikaa kwenye gunia lake, akanitazama ninavyoshona. Akasema, "Siku ile ya fainali, mwanangu, wewe ulikuwa ubavuni kwangu. Ulinisikia."

"Nilikusikia, mzee."

Alisubiri niongeze. Sikuongeza. Sijui kama nimemsamehe, Baba Neema, na sikutaka kumdanganya mtu aliyeburutwa uwanjani miguu peku. Nilimpa chai. Akainywa.

Nilifikiri aliyoyafanya yatanipa nafuu. Hayakunipa. Usiku ule nilihisi tu kwamba hapa sina ninachokingoja. Nilikuwa naishi kama mtu anayesubiri matokeo yabadilishwe, wakubaliane siku moja, waseme kwa sauti moja kwamba ungetolewa, halafu nini? Wangesema hivyo wote, wewe ungekuwa Masagati vilevile, unaziba masikio jogoo akiwika.

Mama aliniambia kwenye simu ujumbe wako. Kwamba mimi bado kijana, nisijifunge, kwamba umesema, "Mwambie asije, mimi si yule." Alisema uliusema siku uliyokuwa na akili timamu, ili niuheshimu. Nimeusikia. Nimeukalisha moyoni siku nyingi. Na mama pia, kwa mapenzi yake, amesema nikija nije kutembea tu, nikuone, nirudi.

Nakuja baada ya kuvuna. Mpunga umeanza kuinamisha vichwa, ndege wamekuwa wengi, nikimaliza kuamia na kuvuna nitapanda treni mpaka Mlimba, na huko nitapata pikipiki. Neema hatakuja kwanza. Nilimuuliza, akasema anakupenda ila anaogopa. Sikumlazimisha. Atabaki na dada yangu mpaka shule zifungwe, kisha tutaona. Sikufichi hilo, kwa sababu ukimuuliza mtu na akakudanganya unajua, hata siku zako mbaya unajua.

Sijui maisha yatakuwaje. Zitakuwepo siku utanifukuza. Sijidanganyi kwamba nakuja kukuponya, yule daktari aliniambia usoni kwamba kilichopotea huenda hakirudi. Nakuja kwa sababu wewe ni mume wangu na upo hai, na mimi nimechoka kusikia habari zako kwa watu wa mpira.

Wasalimie ndugu wote hapo. Kula vizuri, lala mchana jua likiwa kali. Na wewe mama, najua ndiye unayeisoma hii na umefika hapa kwa shida. Shikamoo. Usinitandikie kitanda cha wageni.

Mkeo,
Mama Neema